Namba Sita Amekwama

Alnashir Jiwa alitengeneza miwani ya watu kwa miaka thelathini na nane, na katika miaka hiyo yote hakuna mteja hata mmoja aliyerudi dukani kulalamika kwamba haoni. Aliyekuwa haoni ni yeye. Si kwamba macho yake yalikuwa mabovu. Yalikuwa mazima kabisa, ila akishashika bunduki ya shabaha na kufumba jicho moja, basi kile kibao cha yadi mia tatu kilikuwa mahali salama kuliko pote Uingereza. Ungeweza kulaza mtoto pale. Wenzake wa klabu, wazee wa Kizungu wenye kofia za sufu, walikuwa wakimwambia kwa ile adabu yao isiyo na huruma kwamba leo upepo mbaya, Al. Upepo ulikuwa mbaya kila Jumamosi kwa miaka kumi.

Mchezo wenyewe aliuanza uzeeni, kwa amri ya daktari, aliyemwambia atafute burudani ya kutuliza moyo. Nurbanu, mkewe, alitegemea ataleta samaki wa kufuga, kama wastaafu wenzake wa mtaa wao wa Queensbury, London. Akaleta kibali cha polisi, kabati la chuma la kufungia bunduki, na polisi mwenyewe, aliyekuja kukagua kama kabati limekazwa ukutani, akanywa chai vikombe viwili na kuulizia kachori zinapikwaje.

Lakini kilichomnasa Alnashir si bunduki. Ni maganda ya risasi.

Bunduki yake ilikuwa ya zamani, ya kipimo ambacho viwanda vilishakisahau, na alipoinunua alipewa nayo maganda ishirini ya shaba ya njano, basi, hakuna mengine duniani ya kuyatafuta. Mwenye bunduki ya namna hiyo hatupi ganda. Likishalipuka analiokota, analipeleka nyumbani, analitia fataki mpya, baruti mpya na risasi mpya, nalo linarudi kazini kama mstaafu aliyegundua kwamba pensheni haitoshi. Taabu ni kwamba kila likilipuka, ganda huvimba. Na likishavimba haliingii tena kwenye bunduki mpaka lipakwe grisi, lisukumwe kwa mashine ya mkono ndani ya kalibu ya chuma, libanwe, lirudi umbo lake. Kuvimba na kubanwa, kuvimba na kubanwa, mwishowe shaba hukakamaa kama mama mkwe, na shingo hupasuka. Dawa yake ni moto. Unalizungusha ganda juu ya mwali wa gesi, unaipasha shingo peke yake, mpaka rangi ya shaba inapoanza tu kugeuka, kisha unalitumbukiza majini. Shingo ilainike, kitako kibaki kigumu. Moto ukishuka mpaka kitakoni, ganda hilo halifai tena, hata kwa pambo la mezani.

Na rangi hiyo haionekani penye mwanga mkali. Nyumba nzima ya Jiwa ilikuwa na mahali pamoja tu pasipo dirisha, napo ni choo cha chini, karibu na jiko. Kwa hiyo saa tisa alasiri, siku mbili tatu kila baada ya miezi michache, Alnashir alijifungia humo na kichomeo chake cha gesi na bakuli la maji, feni ya kutoa hewa ikivuma, na wageni wa Nurbanu wakibana miguu sebuleni.

Hayo yote yangeishia kuwa upuuzi wa kawaida wa mstaafu, kama asingeyapa yale maganda majina.

Walikuwa ishirini darasani, Fomu Tuu ya mwaka 1964, katika shule moja ya Tanga. Ni mwaka ule ambao ng'ambo ya maji, Unguja, serikali ilipinduliwa mwezi wa kwanza, na mwalimu wa jiografia akawaambia wafute ramani waliyokwisha kuichora wasubiri maelekezo. Maelekezo yalipokuja, nusu ya darasa ilikuwa inafunga mizigo. Dunia ikawamwaga: mmoja Toronto, wawili Leicester, Jaswant Nairobi, na Talib akabaki palepale Tanga kama mlango uliosahauliwa kubomolewa. Alnashir, siku alipoyapanga maganda yake ishirini ndani ya sanduku lenye matundu ishirini, alijikuta anaita rejista. Akachukua kalamu ya chuma, akachora namba ya kila mtoto kwenye kitako cha kila ganda, kando ya tundu la fataki. Namba moja, Balbir. Namba sita, Praful. Namba tisa, yeye mwenyewe. Namba kumi na nne, Kailash, aliyekuwa akikaa dirishani na kula bisi za wenzake.

Alikuwa akifanya siri, na siri ingedumu, kama namba kumi na nne asingepasuka shingo siku ya Jumanne, na Kailash mwenyewe asingefariki Leicester siku ya Jumatano.

Kwenye kundi lao la WhatsApp, ambalo kwa kawaida lilikuwa la picha za maua na dawa za kisukari, Alnashir aliandika rambirambi. Angeishia hapo. Lakini uchungu ulimlegeza ulimi, akaongeza kwamba yeye alijua tangu jana, kwa sababu ganda la marehemu lilipasuka. Kisha Talib akauliza kutoka Tanga, "Sheikh Al, ganda gani?"

Kutoka siku hiyo Alnashir hakuwa mtu tena; alikuwa hospitali. Watu wazima, mmoja wao profesa wa hesabu, walimpigia simu kuuliza hali zao. Jaswant alitaka ganda lake lipigwe kila Jumamosi bila kukosa, maana mazoezi ni afya. Madhu wa Toronto alikataza lake lisipigwe kabisa. Mwanamke wa umri wake, alisema, harushwi. Talib alitaka picha ya shingo yake kila mwisho wa mwezi, na akipelekewa aliikuza mpaka ionekane kama mnara, akaulizia kila mkwaruzo. Kuna aliyelalamika kwamba mwenziwe amepashwa moto mara mbili mwaka huu, yeye mara moja, je, huu ndio usawa tuliofundishwa? Alnashir alifungua daftari. Nurbanu alipoulizwa mumewe yuko wapi alikuwa anajibu, bila hata kugeuza chapati kwa pupa, "Yuko chooni, anawapasha moto wenzake," na anayejua akajua, asiyejua akaaga mapema.

Hakuna aliyeyaamini haya mambo kama Praful.

Praful alikaa naye dawati moja Tanga, na sasa alikaa Barking, mwisho mwingine kabisa wa London, treni mbili na basi. Alikuwa mhasibu mstaafu, mtu wa ushahidi na stakabadhi, aliyekuwa akicheka uganga wa kila aina. Lakini stakabadhi ya Kailash alikuwa ameiona kwa macho yake. Basi mwaka 2017, daktari alipomwambia kwamba mishipa miwili ya moyo imeziba, na Alhamisi asubuhi apitishiwe waya kuizibua, kitu cha kwanza alichofanya Praful, kabla hata ya kumwambia mkewe Kokila, ni kumpigia Alnashir. Alisema hataki maua wala matunda. Anataka ganda lake lipashwe shingo Jumatano, libanwe vizuri, lirudi kwenye tundu lake likiwa na sura ya ganda jipya, ili naye aingie kwa wale madaktari akiwa na moyo mmoja.

"Nitakushughulikia mimi mwenyewe," Alnashir akamwambia, kana kwamba kulikuwa na msaidizi.

Jumatano saa tisa alifanya kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Kwa vile alikuwa na nafasi, akaamua kuwapasha darasa zima. Alikuwa na kumi na tisa kwenye sinia, walio hai wote, akawazungusha mmojammoja juu ya mwali, shingo zikageuka rangi kama mtu aliyeambiwa maneno matamu, tss, majini. Akawakausha kwa taulo ya Nurbanu. Akatoka nao mpaka kwenye banda la bustani, ilipofungwa mashine ya kubania, akawaangalia vitako, akamwokota namba sita wa kwanza, kwa heshima ya mgonjwa.

Hapo ndipo Talib alipopiga simu. Alitaka kujua kama kweli Praful anapashwa peke yake, au na wengine wamo. Alnashir akashika simu kwa bega na ganda kwa mkono, akaeleza, akaelezwa, akaeleza tena, na katika kule kueleza akaliweka ganda kwenye mashine na kuvuta mkono wa chuma. Ganda likapanda ndani ya kalibu. Likapanda vizuri tu. Ila alipoinua mkono wa chuma kulishusha, halikushuka.

Akatazama mezani. Kopo la grisi lilikuwa bado na mfuniko wake.

Ganda lisilopakwa grisi likibanwa hushika kalibu kama kupe. Mtu mwenye akili akifika hapo anaacha, anakaa chini, anafikiri. Alnashir alivuta kwa nguvu zote. Kukasikika mlio mdogo, tk, na ukingo wa kitako, ule unaoshikwa na mashine, ukang'oka nusu. Sasa hapakuwa tena na pa kulivutia.

Akaifungua kalibu nzima kutoka kwenye mashine, ganda likiwa ndani, akaipeleka jikoni na kuitia kwenye friza, maana shaba husinyaa kwa baridi kuliko chuma, na huenda ingeachia. Akalala bila kusema. Alfajiri akaitoa, akarudi nayo bandani, akaigonga, akaibembeleza. Wapi. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na yalikuwa ya barafu.

Njia iliyobaki kila mbanaji anaijua: unaifunga kalibu kwenye jiliwa, unakitoboa kitako cha ganda kwa drili katikati kabisa, unakata njia za parafujo, unatia bolti, unalivuta ganda litoke. Litatoka. Ila limekufa, ganda lililotobolewa kitako halitii fataki tena mpaka kiama.

Saa mbili na nusu asubuhi Talib akaandika kwenye kundi kumtakia Praful upasuaji mwema na kuuliza, kwa nia nzuri tu, ganda linaendeleaje. Alnashir alikuwa na kasoro moja kubwa katika maisha: hakuweza kusema uongo kwa maandishi. Kwa mdomo aliweza kidogo. Akaandika, "Amekwama." Kisha akaona halitoshi, akatuma na picha.

Dakika haikupita simu ikalia. Ni Kokila, kutoka wodini.

"Alnashirbhai," alisema kwa sauti ya chini ya mtu aliyejificha nyuma ya pazia, "umemfanya nini huyu mtu? Alikuwa keshavaa lile gauni lao la mgongo wazi. Amelivua. Amevaa suruali na koti, amekaa kitandani na begi lake, anasema haendi popote mpaka atoke."

"Atoke nani, bhabhi?"

"Sijui nani. Yeye. Ndani ya hicho kitu chako. Nesi anadhani amechanganyikiwa, ameleta fomu ya kupima wazimu, amemuuliza waziri mkuu ni nani. Akajibu sawasawa. Amemuuliza kwa nini hataki upasuaji, akasema amekwama Queensbury."

Alnashir akakaa juu ya ndoo. Kokila akamweleza mambo yalivyo. Daktari amesema nafasi ni saa tatu na nusu, Praful akiikosa anarudi kwenye foleni, na foleni ni wiki kumi, na daktari mwenyewe, asiyezoea kusema mengi, amesema kwa mishipa ile wiki kumi yeye asingezingoja. Basi. Hilo ndilo lililokuwepo. Si ganda. Ni Praful, na dakika hamsini.

"Mwambie ametoka," akasema Kokila. "Mwambie mzima, anang'aa. Mimi nitatubu kwa niaba yako."

Alnashir akakubali. Alikuwa tayari kabisa kusema uongo kwa mdomo. Lakini mhasibu ni mhasibu; Praful alikataa kusikia, alitaka kuona. Akamnyang'anya mkewe simu, akawasha video, na uso wake ukajaa kwenye kioo, wa kijivujivu, kola ya koti imesimama.

Kwanza aliuliza namba sita alilala wapi usiku. Alnashir akasema, kwenye friza. Praful akauliza, kwenye friza karibu na nini. Alnashir akajaribu kukumbuka, akasema ukweli kabla hajaupima, kwamba ilikuwa kati ya mbaazi na samosa za nyama. Praful, ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kuila nyama hata kwa bahati mbaya, alifumba macho muda mrefu.

"Nioneshe kitako," alisema mwishowe.

Alnashir akainua kalibu karibu na kamera. Kitako cha ganda kilionekana kwenye mdomo wa chuma, ukingo umeng'oka upande mmoja, na kando ya tundu la fataki, namba iliyochorwa kwa kalamu ya chuma.

Praful akasogea. Akavaa miwani, ambayo Alnashir ndiye aliyemtengenezea.

"Hiyo ni tisa," akasema.

"Sita."

"Alu, mimi nimesoma tarakimu miaka arobaini. Hiyo ni tisa."

Alnashir akaigeuza kalibu aone. Ikawa tisa. Akaigeuza tena. Ikawa sita. Akaigeuza mara ya tatu, polepole, kama mtu anayefungua kabati la siri, na ikapita kutoka sita kwenda tisa kwenda sita bila kona wala aibu. Kitako cha ganda ni duara. Duara halina juu wala chini.

Akakimbilia sinia, akatafuta mwenziwe, akampata. Huyo naye alikuwa sita, na alikuwa tisa. Miaka yote alikuwa akiwatofautisha kwa matundu ya sanduku lao, na jana aliwamwaga kumi na tisa kwenye sinia moja, akawakausha kwa taulo moja kama mapacha. Na kama jana alikuwa hajui, nani aliyemwambia kwamba alijua mwaka juzi? Akaikumbuka ile taarifa ndefu aliyompelekea Praful, kwamba shingo yake ni laini, nzuri, ya kijana. Huenda alikuwa anajisifu mwenyewe.

Upande wa pili wa simu, sauti ya nesi ilikuwa ikisema, kwa upole wa mtu anayesema mara ya nne, kwamba kitanda cha magurudumu kimefika.

"Kwa hiyo aliyekwama ni nani?" Praful aliuliza. "Mimi au wewe?"

Kokila alikuwa amejipenyeza kwenye kona ya kioo, jicho moja tu, na jicho lile lilikuwa linasema kila kitu. Alnashir akatazama kalibu. Kwa kweli hakujua. Na kwa vile hakujua, akagundua kwa mshangao kwamba lolote atakalosema halitakuwa uongo; litakuwa chaguo. Jambo hilo lilimtisha kuliko uongo. Yeye pia aliamini, kumbe. Miaka yote alijifanya anawabembeleza wenzake, kumbe tisa alikuwa akimgusa kwa uangalifu kuliko wote, na kila Jumamosi alimpiga wa mwisho, na baruti alimpimia kwa mkono mtakatifu.

"Mimi," akasema.

"Unajuaje?"

"Amekwama kwa ujinga wake mwenyewe. Ungekuwa wewe ungeuliza kwanza grisi iko wapi."

Praful akalifikiria hilo. Lilikuwa kweli, hata wino darasani alikuwa akiuomba mapema. "Apa," akasema.

Alnashir hakuapa. Aliisimamisha simu kwenye kopo la grisi ili ione vizuri, akaifunga kalibu kwenye jiliwa, akavaa miwani ya kazi, akachukua drili ya umeme. Ncha ya drili akaiweka katikati ya kitako. Nurbanu alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na kanga mabegani. Alikuwa amekuja kuuliza nani amefungua friza akaacha wazi, akaona uso wa mumewe, akaliacha swali.

Drili ikalia. Vumbi la shaba likamwagika juu ya jiliwa, la dhahabu, kidogo sana. Kule wodini, nesi, daktari wa usingizi na msukuma kitanda walisimama nyuma ya bega la Praful wakitazama video ya mzee wa Kihindi anatoboa chuma, kana kwamba hiyo ilikuwa sehemu ya matibabu. Alnashir akakata njia za parafujo, akatia bolti, akakaza nati. Mzunguko mmoja. Miwili. Kwenye wa tatu ganda likachomoka na kuanguka mezani, lina shingo nzuri isiyo na kasoro na tundu kubwa kitakoni.

"Pole, Alu," Praful akasema. Alikuwa analia kidogo. Kisha akavua koti.

Kazi ilichukua saa moja na robo. Alnashir alizipitisha dakika zote kwenye ukingo wa kitanda, kiganja kifuani, akijisikiliza mwenyewe. Kokila alipopiga kusema imekwenda vizuri, ametoka, ameomba chai, Alnashir alishukuru Mungu kwa sauti, akakata simu, akamwomba Nurbanu amletee viatu. Alikuwa anakwenda kliniki.

Nesi wa kliniki alikuwa Mumbi, Mkenya, mtu wa Nyeri, aliyemjua kwa miaka mingi na kumchangamkia kwa Kiswahili chake cha haraka. Akamuuliza shida ni nini leo. Alnashir akasema ametobolewa. Mumbi akauliza wapi. Alnashir akasema kitakoni, ila si chake. Mumbi alikuwa amefanya kazi London kwa miaka kumi na tano na hakuwa mtu wa kustushwa na asubuhi moja. Akamfunga ile bangili ya kupima presha, akafinya pampu, akaangalia namba.

"Mzee, presha yako ni ya kijana wa thelathini," akasema. "Hii ungeweza kuuza. Nani amekuambia uko karibu kufa?"

Alnashir akasema hakuna aliyemwambia, ni yeye mwenyewe aliyejichagua. Mumbi akaandika kitu kwenye kompyuta, akakifuta, akamwambia arudi baada ya miezi sita, na njiani anunue ndizi.

Wiki tatu Alnashir aliishi kama mgeni katika mwili wake. Alivuka barabara kwa taa tu. Kwenye kundi walimtendea kwa heshima ya kutisha. Talib alianza kumwandikia "ndugu yetu mpendwa", na Madhu akauliza, kwa faida ya wote, nani atarithi daftari.

Jumapili ya nne Praful akaja Queensbury na Kokila, amepungua, mashavu yamepata rangi. Nurbanu alikuwa amekaanga bajia za viazi, mafuta mapya, sufuria isiyoonja nyama. Praful akakaa mezani, Alnashir akakaa ng'ambo yake, na katikati yao lilisimama lile ganda lililobaki kati ya yale mawili. Praful alisema amekuja kwa kazi moja. Hataki tena utata. Alnashir achore mstari chini ya sita, wote wakiona, ili ijulikane daima kwamba huyu ni Praful na yu mzima, na kwamba yule mwingine alitolewa sadaka na rafiki yake kwa hiari. Alisema atakumbuka mpaka kufa. Kisha akasema neno kufa halikuwa zuri pale, akaomba radhi.

Alnashir akachukua kalamu ya chuma. Akalisimamisha ganda mdomo chini, kitako juu, akashusha pumzi, akachora mstari. Mstari ulinyooka vizuri, wa fundi. Akalisukuma ganda mbele ya Praful.

Praful akalitazama. Akalitazama tena, bila kuligeuza.

"Mstari uko juu," akasema.

Alnashir akanyoosha shingo. Kutoka kwake ulikuwa chini. Lakini kutoka kwake, alipokaa, ng'ambo ya meza, ile namba ilikuwa tisa. Alikuwa amepigia mstari namba tisa, kwa kalamu ya chuma, mbele ya mashahidi wawili, na hilo halikufutika tena.

Nurbanu alikuwa ameshika kijiko cha kukaangia hewani. Alnashir alikuwa ameshajua anataka kusema nini, kwamba atachora mstari mwingine upande wa pili, kwamba mistari miwili haidhuru, ila Praful akamwahi.

"Kwa hiyo mzima ni wewe," Praful akasema polepole, akihesabu. "Na yule uliyemtoboa ni mimi. Mimi ni marehemu tangu ile Alhamisi." Akajipapasa kifuani, akapapasa paja, pale walipopitishia waya, kama mtu anayetafuta funguo. Kisha akanyoosha mkono akachukua bajia, akaiuma, akaitafuna mpaka mwisho, akachukua nyingine. "Marehemu ana njaa," akasema. "Chatne iko wapi?"

Kokila akalivuta bakuli la chatne upande wake, akasema marehemu amekatazwa chumvi.